Mganga Aliyekosa Usingizi: Kosa Ni la Nani?

Katika vijiji vingi watu humsifu mganga asiyelala. Husema: «Huyu ndiye mganga wa kweli! Mchana yupo, usiku yupo, taa yake haizimwi.» Na yule anayefunga mlango ili apumzike hunung'unikiwa, huitwa mvivu, hata huambiwa hana huruma. Sifa hiyo na lawama hiyo zina sababu yake, kwani ugonjwa hauchagui saa. Homa ya mtoto haingoji mapambazuko, wala mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kuambiwa arudi kesho.

Hata hivyo yafaa kuuliza: Je, kujinyima usingizi ni wema sikuzote? Mganga amekesha usiku mmoja, akafanya kazi mchana uliofuata, akaanza tena usiku wa pili. Basi kwa uchovu akampa mgonjwa dawa isiyofaa. Kosa hilo ni la nani? Ni la mganga? Ni la wakubwa waliompangia kazi? Au si la mtu yeyote, kwa kuwa usingizi haumwombi mtu ruhusa? Ulizo hilo si la wasomi peke yao. Lamhusu kila mtu ambaye siku moja atalala juu ya kitanda cha hospitali na kuuweka uhai wake mikononi mwa mwingine.

I. Usingizi na mwili wa mtu

Wako wanaodhani ya kuwa usingizi ni udhaifu tu, nao mtu hodari aweza kuushinda kwa nguvu za moyo. Sivyo. Mwili wa mtu una saa yake ndani, nayo hufuata mwanga wa jua. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yao ya kuchunguza inzi wadogo wa matunda, ambayo ilionyesha jinsi saa hiyo inavyokwenda ndani ya chembe za mwili. Kwa amri ya saa hiyo, usiku wa manane joto la mwili hushuka, macho huwa mazito, na mawazo hupunguza mwendo. Mlinzi anayekesha shambani kufukuza nguruwe wa mwitu ajua jambo hilo bila kufundishwa: tangu saa tisa ya usiku hata karibu na alfajiri, hapo ndipo kichwa huanguka kifuani.

Tena, mtu wa zamu ya usiku akilala mchana, halipi deni lote. Usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi, kwa sababu saa ya mwili inamwambia aamke wakati yeye anajilazimisha kulala.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu kwa kazi ya macho na mikono. Mara moja waliwaacha macho muda mrefu bila kulala. Mara nyingine waliwanywesha pombe kidogo kidogo. Wakaona ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kipimo cha pombe cha 0.05 kwa mia katika damu yake, nacho ndicho kipimo ambacho katika nchi nyingi sheria humkataza mtu kuendesha motokari. Na aliyekaa macho saa 24 hufanya kazi kama mwenye kipimo cha 0.10, yaani mlevi hasa.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mlevi hunuka pombe na kupepesuka. Watu humwona na kumpokonya usukani. Aliyekosa usingizi hanuki kitu. Amevaa joho jeupe, anajibu salamu, anashika kalamu. Yeye mwenyewe asema, «Mimi bado nina nguvu,» wala hadanganyi kwa makusudi. Akili ambayo ingepaswa kuupima uchovu ndiyo hiyo hiyo iliyochoka. Nani basi atampima?

II. Jambo lililotokea New York

Desturi ya kuwakesheza waganga vijana ni ya zamani. Huko Baltimore katika Marekani, hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889, na mpasuaji mashuhuri William Halsted akaanzisha humo namna ya kuwafundisha wapasuaji: kijana alikaa hospitalini kwa miaka, karibu na wagonjwa usiku na mchana. Mafundisho hayo yalileta faida nyingi, na nchi nyingi ziliyafuata. Lakini Halsted mwenyewe, aliyekuwa kielelezo cha ustahimilivu, alikuwa amejijaribia dawa ya kokaini akashikwa nayo, na baadaye akashikwa na mofini. Wanafunzi waliiga desturi ya kazi. Udhaifu wa mwalimu wao ulibaki umefichwa.

Ilifika wakati ambapo mganga kijana aliweza kufanya kazi saa 36 mfululizo, na watu wakaona ni jambo la kawaida. Wazee wa kazi walisema, «Sisi tulipita njia hiyo, nao wapite.»

Usiku wa tarehe 4 Machi 1984, binti mwenye miaka 18 aliletwa katika hospitali moja kubwa ya New York. Alikuwa na homa na mtetemeko wa mwili. Mganga aliyebaki na zamu ya kumwangalia alikuwa katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, naye usiku ule alikuwa na wagonjwa wapata 40. Binti alipewa dawa ya kutuliza iitwayo pethidini, ambayo haipatani na dawa nyingine aliyokuwa akiitumia. Akaanza kuhangaika na kujirusha. Mganga kijana, akiwa na wagonjwa wengine wengi wa kuwaangalia, aliagiza binti afungwe kitandani asijiumize. Kulipokaribia kupambazuka homa ilipanda kufikia nyuzi 42. Asubuhi ya tarehe 5 alikuwa amekufa.

Wataalamu walibishana miaka mingi juu ya chanzo hasa cha kifo hicho. Lakini baba yake binti, mwandishi wa magazeti, hakunyamaza. Aliuliza ulizo rahisi: Kwa nini uhai wa mtoto wangu uliwekwa mikononi mwa kijana aliyechoka, bila mkubwa wa kumwongoza? Baraza la wananchi lililochunguza habari hiyo halikuwashtaki waganga kwa jinai. Lililaumu hasa namna kazi ilivyopangwa. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka sheria: mganga anayejifunza asipitishe saa 80 kwa juma, wala saa 24 mfululizo. Mwaka 2003 kipimo cha saa 80 kikawa kwa nchi nzima ya Marekani. Mwaka huo huo nchi za Umoja wa Ulaya zilithibitisha sheria yao ya kazi: saa 48 kwa juma kwa wastani, pamoja na mapumziko ya saa 11 kila siku.

Kifo kimoja kilifungua macho ya wengi. Lakini wangapi walikufa kabla yake, pasipo baba ajuaye kuandika?

III. Wavushaji watatu

Ili kujua kosa ni la nani, na wafikiriwe wavushaji watatu wa mto mpana. Kila mmoja alipindua mtumbwi, na abiria wakazama.

Wa kwanza alikuwa amelewa. Hawezi kujitetea akisema, «Sikujua nilichokifanya.» Ni kweli, saa ile hakujua. Lakini alijua alipoinua kibuyu, naye alijua ya kuwa abiria wanamngoja. Kosa lake lilianza pale, si mtoni. Ndivyo ilivyo kwa mganga mwenye nafasi ya kulala, naye aipoteza kwa karamu, au kwa kutafuta fedha za kazi ya pili mahali pengine, kisha aja zamuni akisinzia. Hata kama wakati wa kuandika dawa hakukusudia ubaya, aliukubali ubaya huo tangu mwanzo.

Wa pili hakunywa kitu. Tajiri mwenye mitumbwi alimwamuru kupiga kasia usiku na mchana, akimwambia, «Ukikataa, nitamtafuta mwingine.» Mikono yake ilipolegea, mto ukamshinda. Huyu naye ana sehemu yake kama alikuwa na uwezo wa kusema akanyamaza. Lakini sehemu kubwa ni ya tajiri aliyekaa ukingoni. Yeye hakushika kasia, wala hakumgusa abiria. Hata hivyo alichukua usingizi usio wake. Wakubwa wa hospitali wanaopanga zamu zisizochukulika kwa kuwa wanataka kuokoa fedha, au kwa kuwa ndiyo desturi, wamefanana naye.

Wa tatu alikuwa amelala kwake. Usiku wa manane mafuriko yakaja, watoto wakalia upande wa pili, wala hapakuwa na mvushaji mwingine. Akaamka, akavusha mara tano, na mara ya sita mtumbwi ukapinduka. Nani atamhukumu? Angebaki kitandani, wote wangekufa. Ndivyo alivyo mwuguzi wa dispanseri ya mbali, aliye peke yake, anapoamshwa kumzalisha mama anayetokwa na damu. Huyo hana kosa, anastahili shukrani.

Kwa hiyo kukesha si jambo moja. Kukesha kwa haja ni upendo. Kukesha kwa desturi, wakati njia nyingine ipo, ni udhalimu kwa mganga na hatari kwa mgonjwa.

IV. Neno la wanaopinga

Wako waganga wema wanaosema: «Mkizipunguza saa, mgonjwa atapita mikononi mwa watu wengi. Mmoja ameona dalili jioni, mwingine ataikosa asubuhi. Afadhali mchovu anayemjua mgonjwa kuliko mzima asiyemjua.»

Neno hilo lina ukweli ndani yake, na yafaa lisikilizwe. Mwaka 2004 uchunguzi wa hospitali moja ya Boston ulionyesha ya kuwa waganga wapya waliofuata desturi ya zamu ndefu walifanya makosa makubwa kuzidi wale wa zamu fupi, kwa kadiri ya 36 kwa mia. Mwaka uliofuata ilionekana pia ya kuwa mganga kijana anayerudi nyumbani baada ya zamu ndefu yumo katika hatari ya kugonga motokari zaidi ya mara mbili kuliko baada ya zamu ya kawaida. Lakini uchunguzi mwingine mkubwa wa miaka ya 2016 na 2019 haukuona tofauti ya vifo vya wagonjwa kati ya hospitali zenye saa zilizobanwa zaidi na zile zilizoachiwa nafasi. Nayo sheria ya Marekani ya mwaka 2011, iliyowawekea waganga wa mwaka wa kwanza saa 16 mfululizo, ililegezwa tena mwaka 2017.

Je, usingizi basi ni bure? Hapana. Maana yake ni hii: kumpumzisha mganga hakutoshi, kama anayempokea zamu hakuambiwa neno. Mwaka 2014 ilichapishwa habari ya hospitali 9 ambazo waganga wake walifundishwa kukabidhiana wagonjwa kwa utaratibu: nani ni mgonjwa sana, amefanyiwa nini, ni lipi la kuangaliwa usiku, naye apokeaye hurudia aliyoyasikia. Makosa yalipungua kwa 23 kwa mia. Kumbe haipasi kuchagua kati ya mchovu anayejua na mzima asiyejua. Mzima aweza kujulishwa, ila mchovu hawezi kupata nguvu kwa kuambiwa maneno.

V. Wajibu wa kila mmoja

Mganga imempasa kuuhesabu usingizi wake kama chombo cha kazi. Anayetumia sindano isiyo safi hulaumiwa. Na asiyelala anapoweza kulala, vivyo hivyo. Akichoka kweli, aseme wazi, na kumwita mwenzake. Kusema «nimechoka» si aibu. Aibu ni kumficha mgonjwa hatari iliyo juu yake.

Wakubwa wa kazi imewapasa kupanga zamu kwa haki, na kukumbuka ya kuwa mwili wa mganga ni mwili wa mtu. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza ya kuwa kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili yaelekea kuleta saratani. Anayewatibu wengine naye aweza kuugua kwa ajili ya kazi hiyo.

Na wenyeji wa kijiji je? Nao wana sehemu. Kidonda cha juma zima kisichelewe mpaka saa sita ya usiku kwa kuwa mchana kulikuwa na soko. Mlango wa mwuguzi upigwe usiku kwa haja ya kweli: damu, homa kali ya mtoto, uchungu wa kuzaa, nyoka. Hapo asisite mtu hata kidogo kumwamsha. Lakini asubuhi yake, mwuguzi akiwa amelala, wakina mama wafukuze watoto wanaopiga kelele karibu na dirisha lake. Huenda usingizi huo wa saa tatu utamwokoa mtoto wa mmoja wao usiku unaokuja.

Maulizo

1. Je, mganga anayelala ili apate nguvu ni mvivu? — Hapana. Anatunza kitu ambacho wagonjwa wanakihitaji.

2. Mtu aliyekosea kwa uchovu ana kosa sikuzote? — Hapana. Yatazamwa kwanza nani alileta uchovu huo, na kama palikuwa na njia nyingine.

3. Aliyepanga kazi isiyochukulika aweza kusema, «Sikushika dawa mimi»? — Hawezi. Aliyeondoa usingizi atajibu pia kwa yaliyofuata.

4. Usingizi wa mganga ni mali ya nani? — Ni wake, na ni wa mgonjwa anayemngoja.