Penye Udhia, Tuulize

Kiswahili chetu kina methali mbili ambazo sijawahi kumsikia kiongozi akizitaja jukwaani anapokemea rushwa. Ya kwanza ni "Penye udhia penyeza rupia". Ya pili, "Mkono mtupu haulambwi". Sisemi wahenga walikuwa wala rushwa, la hasha. Ninachosema ni kwamba methali hizi zinaishi mtaani kuliko hotuba zote, na kila mtu mjini hapa anajua zinatumika mlango gani.

Sikilizeni tunavyoongea. Hakuna anayemwambia mwenzake, "Naomba rushwa." Anaomba chai, anaomba soda, anaomba ya maji. Akiwa mkubwa kidogo atasema, "Sasa bwana, tuongee kiutu uzima." Jirani zetu wa Kenya wanaita kitu kidogo. Neno rushwa lenyewe tumewaachia magazeti na mabango. Mtu akiiba kuku ni mwizi. Akiuza saini ya serikali ni mjanja, eti kala kwa urefu wa kamba yake.

Hapo ndipo linapoanzia swali langu. Je, anayetoa na anayepokea wana dhambi moja? Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inawaweka wote wawili kizimbani. Zamani zaidi, mwana-TANU aliahidi kwa kinywa chake kwamba hatapokea wala kutoa. Jibu la sheria tunalo. Lakini ubishi haujaisha.

Mchukueni mama muuza vitumbua. Mtoto ana homa kali, wamefika hospitali usiku, na yule wa kuwahudumia anazungukazunguka tu mpaka aone noti. Mama akitoa, kavunja sheria. Asipotoa, gharama ya uadilifu wake analipa mtoto. Mimi siwezi kusimama mbele ya mama huyo nikamhubiria ushujaa. Anayetoa ili apate kilichokuwa haki yake tangu mwanzo ameporwa. Anayetoa ili apate kisicho chake, iwe tenda, kazi, au kesi kufutwa, huyo ni mshirika wa mwizi. Noti zinafanana, matendo hayafanani.

Mtetezi wa mpokeaji ataniambia kwamba naye ana njaa. Tume ya mwaka 1996, iliyoteuliwa na Rais Mkapa na kuongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyatenganisha makundi mawili: wanaopokea kwa kuwa kipato hakiwatoshi, na wakubwa wanaopokea kwa uroho wa mali. Mgawanyo huo naukubali kama maelezo, siukubali kama msamaha. Mshahara mdogo, sawa. Lakini mama wa vitumbua hana hata huo mshahara. Mwenye dhiki akimkamua aliyemzidi dhiki, njaa imeshageuka kisingizio.

Na hii tabia ya kubadilisha majina si ya makarani peke yao. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi Tanzania ilirekebishwa ili ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, yaani takrima, usihesabiwe kuwa rushwa. Neno zuri hilo, lina heshima zake, linanukia pilau. Likatumika kwenye uchaguzi wa 2000 na ule wa 2005. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika mengine mawili wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba. Hoja mojawapo ilikuwa nyepesi kabisa: takrima inambagua mgombea asiye na pesa. Fikirini basi. Kwa miaka karibu sita kitu kilekile kilikuwa halali kwa kuwa kilipewa jina la adabu, na kilichokiondoa ni watu walioijua Katiba, wakauliza swali mahali pake.

Kuuliza huko si kwa mawakili tu. Nchini Uganda, uchunguzi uliohusu miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba katika kila shilingi 100 za ruzuku ambazo serikali kuu ilizipelekea shule za msingi kwa matumizi yasiyo ya mishahara, zilizofika shuleni ni wastani wa shilingi 13 hivi. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya 80 katika kila 100 zilikuwa zinafika. Wataalamu wanabishana sifa kiasi gani ni ya magazeti na kiasi gani ni ya mageuzi mengine ya wakati ule. Wabishane. Mimi nashika hili moja: mzazi anayejua hesabu hadanganywi kirahisi kama mzazi asiyeijua.

Hiyo ndiyo elimu ya uraia ninayoitaka. Ya darasani tunaijua: taja mihimili mitatu ya dola, eleza maana ya demokrasia, alama kumi. Kijana anafaulu vizuri tu, halafu anafika dirishani hajui kama ile fomu inauzwa au ni ya bure. Huduma usiyoijua bei, bei yake anaipanga mwenye dirisha. Mfundisheni kijana ada ni shilingi ngapi, stakabadhi anaidai kwa nani, na akinyimwa analalamika mlango gani.

Tena asiachwe kuuliza peke yake. Akiuliza mmoja kwenye foleni anaambiwa njoo kesho, na nyuma yake wenzake wanaguna: "Huyu naye anajifanya mlokole, anatuchelewesha." Hapa, ndugu zangu, sheria haifiki. Yule ofisa aliyestaafu na baiskeli yake mtaa mzima unamcheka: kakaa kwenye pesa miaka thelathini, kaondoka mikono mitupu! Mwenzake aliyeporomosha ghorofa kwa mshahara uleule tunampa kiti cha mbele harusini, na kadi ya mchango tunampelekea wa kwanza. Kijana anayeanza kazi leo anaona vizuri kabisa heshima inapatikana wapi. Semina ya siku mbili itamfundisha nini kingine?

Sisi tunaojaribu kuandika nasi tuna sehemu yetu. Hadithi zetu zinapenda kigogo mwenye kitambi na Benzi. Anakamatwa ukurasa wa mwisho, tunapiga makofi, tumemaliza. Ningefurahi kusoma hadithi ya ile foleni: mmoja kauliza, kumi wamenyamaza, na kila mmoja kati ya hao kumi ana sababu yake ya kunyamaza. Hao ndio sisi. Na karani wa hadithi hiyo akiomba chai, awepo mhusika mmoja tu wa kumuuliza, kwa upole na kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni, "Chai ya shilingi ngapi, kaka, na risiti yake utaniandikia?"