Alama Isiyofutwa



Ramadhani iliyopita fedha za futari zilipotea, shilingi 60,000. Jina la ndugu mmoja likatajwa, nami nikamwondoa kwenye kamati siku hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye tulizikuta ndani ya kitabu cha risiti. Nikamwomba radhi faraghani. Mpaka leo wapo wanaomnong'ona msikitini. Je, aliyemwekea mtu alama anadaiwa nini kosa linapobainika?

Somo la seli ndilo lililonizindua. Ndani ya seli za mamalia, nasi tukiwemo, kuna vijumba viitwavyo peroksisomu, vinavyovunja mafuta ya mnyororo mrefu sana na kuondoa sumu ya haidrojeni peroksaidi. Protini PEX5 huviingizia vimeng'enya, kisha huwekewa alama iitwayo ubikwitini. Hapo hakuna ubaya: PEX1 na PEX6 huivuta PEX5 nje, alama hufutwa, kazi huendelea. Alama zikibaki kwenye utando, protini NBR1 huzitambua, na peroksisomu nzima hufungwa na kupelekwa kwenye lisosomu kumeng'enywa. Ipo pia USP30, inayofuta alama hizo.

Wapo watoto wanaozaliwa na PEX1 yenye kasoro, wakapata ugonjwa wa Zellweger. Peroksisomu zao hupungua. Majaribio kwenye seli yameonyesha kuwa mmeng'enyo huo ukizuiwa, huongezeka tena na baadhi ya kazi zake hurudi. Basi nyingine ziliangamizwa zikiwa bado zinafaa, kwa kuwa mwenye kuiondoa alama hakufanya kazi yake.

Utasema seli haina nia wala haitahesabiwa. Kweli, na hukumu siitafuti kwenye hadubini. Surat al-Hujurat imekwisha kutuamuru kuhakikisha habari. Lakini nilidhani nikishahakikisha, hata kwa kuchelewa, nimemaliza. Kumbe kufuta nako ni kazi, na isipofanywa alama huendelea kuangamiza hata aliyeiweka akiwa amelala. Radhi ya faragha ilinituliza mimi tu. Alama niliiweka hadharani.

Nimemuuliza kama ataridhia nimtaje mbele ya watu. Akajibu, "Hapo nitarudi safu ya mbele." Ijumaa hii, inshaallah, nitasimama baada ya swala.

Nawe, ndugu yangu, ni nani uliyemwacha na alama yako?

Wabillahi tawfiq.