Baba, Simama Uende Pamoja na Mtoto Wako

Masomo: Mwanzo 37:1-14, 1 Samweli 2:12-17, Marko 5:21-43



Leo tunasema na wababa. Katika parokia yetu kulikuwa na mtoto wa miaka kumi ambaye aliumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Siku ya Mungu tumbo halikumuuma. Mama yake alimpa dawa, nasi tulimwombea. Mwishoni dada yake alisema ukweli: wavulana watatu wa kalasi ya juu walikuwa wakimngoja njiani. Walimnyang'anya falanga zake za kalanga, walimwita ngunza kwa kumcheka, wakamvua viatu na kuvitupa katika mtaro, wakisema watu wa kanisa lake wanasali bila viatu, basi hana haja navyo.

Mtoto hakurudisha kofi, kwa sababu sisi tumemfundisha kwamba Mkimbangisti hapigani. Alikuwa amemwambia baba yake mara mbili. Mara ya kwanza baba alijibu: "Wewe ni mwanaume, usilie." Mara ya pili akasema: "Omba tu."

Wapendwa, hatumhukumu baba huyo. Wengi wetu tumejibu vilevile. Lakini tujiulize: tunampa mtoto amri ya kutopigana, kisha tunamwacha nayo peke yake njiani? Amri hiyo ni njema, lakini mabega ya mtoto ni madogo. Baba lazima aibebe pamoja naye.

Biblia inatuonyesha wababa watatu.

Wa kwanza ni Yakobo. Alimpenda Yosefu, alimpa kanzu nzuri. Ndugu zake walimchukia hata hawakuweza kusema naye kwa amani. Yakobo aliyasikia maneno ya Yosefu, akayaweka moyoni. Kisha akamtuma mtoto peke yake, mbali, kwa walewale waliomchukia. Tunajua mwisho wake: shimo, na vipande 20 vya fedha. Yakobo hakukosa upendo. Aliona, akanyamaza.

Wa pili ni Eli, kuhani. Watoto wake walichukua nyama ya watu kwa nguvu, na aliyekataa walimtisha. Eli alijua. Aliwasemesha alipokuwa amekwisha kuzeeka, lakini hakuwazuia, na Mungu akaihukumu nyumba yake. Tunapouliza nani anamtesa mtoto wetu, tuulize pia: mtoto wangu anamtesa nani?

Wa tatu ni Yairo, mkubwa wa sinagogi. Binti yake wa miaka 12 alikuwa karibu kufa. Yairo hakumtuma mtumishi. Aliondoka mwenyewe, akaanguka miguuni pa Yesu mbele ya watu wote, wala hakuona haya. Walipomwambia asimsumbue Mwalimu tena, Yesu alimtia moyo asiogope, wakaendelea na safari. Hayo ndiyo maombi ya baba: anaomba, na miguu yake inatembea.

Tukumbuke pia nyumba ya Baba Simon Kimbangu. Alikamatwa mwezi wa Septemba 1921, akatenganishwa na Mama Marie Mwilu na wana wao watatu. Mkubwa wao, Charles Kisolokele, alizaliwa mwaka 1914. Alipelekwa shule ya wakoloni huko Boma akiwa bado mtoto mdogo. Baba yao alifungwa miaka 30, akafa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Yeye hakuweza kuwasindikiza watoto wake shuleni, kwa sababu minyororo ilimzuia. Sisi, ni mnyororo gani unatuzuia? Shule iko mwisho wa barabara.

Basi tuchukue maneno matatu tunayoyajua wote: Upendo, Amri, Kazi.

Upendo: tuwasikilize. Mtoto anayeogopa hasemi mbele ya watu wa lupango wote. Tukae naye jioni, tumwulize nani alicheza naye, nani alikaa karibu naye. Akisema, tusimkatize na tusimcheke. Tumwambie kwamba kosa si lake.

Amri: tusimwambie arudishe kofi, lakini tusimwambie anyamaze. Kusema ukweli kwa mwalimu si uchongezi. Na ndani ya nyumba zetu tuache kuwatukana na kuwapiga wadogo, maana mtoto anapeleka shuleni yale aliyoyaona kwa baba yake.

Kazi: twende. Tumsindikize mtoto asubuhi, tuonane na mwalimu na direkta kwa heshima, tuwatafute wazazi wa wale wengine bila kelele wala vitisho. Kwa watoto wasio na baba, wajane na mayatima, wababa wa parokia ndio wababa wao.

Baba yule alisimama mwishowe. Alikwenda shuleni pamoja na mzee mmoja wa parokia. Na majina yalipotajwa, tuliinamisha vichwa: mmoja wa wale watatu alikuwa mtoto wetu, anayepiga filimbi katika kundi letu. Baba yake alilia. Alimleta mwanawe kuomba msamaha, akanunua viatu vingine. Siku hizi watoto hao wawili wanakwenda shule njia moja.

Wababa, kesho asubuhi, kabla ya kazi, tutembee kwanza na watoto wetu hadi mlango wa shule.

Bwana awabariki, azilinde nyumba zenu. Amina.