Bayi na Simbu: Nani Zaidi?

Ukitaka kuwagombanisha watu wa Makanya, usianze na siasa. Sema tu kijiweni kwamba Alphonce Simbu ni mkubwa kuliko Filbert Bayi. Wazee watakuvamia kama nyuki. Vijana nao watawauliza: kwani zama zenu mlikimbia wangapi?

Kila upande hukimbilia saa, na saa ndiyo inayotudanganya. Februari 2, 1974, kule Christchurch, Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia. Mwaka 1998 Hicham El Guerrouj wa Morocco akatumia 3:26.00. Basi Bayi kaachwa mbali, utasema. Lakini dhahabu ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, ilichukuliwa kwa 3:50.00! Kwa hesabu hiyo Bayi angekuwa keshafika, kakaa chini, anafungua kamba za viatu. Au mtazame Simbu mwenyewe. Septemba 2025 alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia, Tokyo, kwa saa 2:09:48, na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01, na viatu vya enzi hizo havikuwa na bamba la kaboni. Sasa nani mwenye mbio? Joto la Tokyo halimo ndani ya namba hizo. Madaraja ya New York hayamo.

Mimi naona swali lenyewe si la mbio, ni la haki. Ni haki gani kumhukumu mtu kwa njia ambayo hakupewa kuikanyaga? Mzee aliyekata mkonge hapa kwetu ujanani mwake, utampimaje na kijana wa leo anayepakia jasi?

Nauliza alikuta nini, akaacha nini. Bayi alikuta mbio za kuviziana, watu wakingoja mzunguko wa mwisho. Yeye akaongoza toka mwanzo, bila sungura wa kumvutia kasi. Hata John Walker, aliyemfuata, alimaliza chini ya rekodi ya zamani. Yaani mtu alikimbia hadi akamwinua na mpinzani wake! Namchagua Bayi, ingawa Simbu alibeba kiu ya nchi nzima, na Tokyo alishinda kwa sehemu tatu za mia za sekunde.

Nyie mnaoandika mnajua kwa nini nashughulika na hili. Nikipeleka mswada wa riwaya yangu naambiwa, kijana, Shaaban Robert hakuandika hivi. Ni kweli. Alifariki mwaka 1962. Hakuijua Makanya ya bodaboda na simu za mkononi. Kulinganishwa naye sikatai, tena naona fahari. Ila aliyenirudishia mswada mwezi uliopita hakuniuliza nimekuta nini. Alihesabu kurasa tu.