Tusiwe kama Naamani Mlangoni pa Elisha

Somo: 2 Wafalme 5:1–16



Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na ukoma. Alifunga safari mpaka nyumbani kwa nabii Elisha, pamoja na farasi, magari, fedha, dhahabu na mavazi kumi. Lakini alikuja na mzigo mwingine: dawa aliyokwisha kujipangia kichwani. Alitazamia nabii atoke, aombe, apunge mkono juu ya mahali penye ugonjwa. Elisha hakutoka hata mlangoni. Alimtuma mtu tu kumwambia akaoge katika Yordani mara saba. Naamani akakasirika, akageuka kwenda zake.

Je, ndugu, si sisi hao? Tunaketi kwenye benchi la zahanati, hapa Tunduma au kule Vwawa, na kabla hatujaulizwa tunaumwa nini tumekwisha kuamua: sindano, dripu, au vidonge vya rangi mbili. Mganga akimpima mtoto, akaona ni mafua tu, akasema anyweshwe maji na uji na arudishwe akizidiwa, tunatoka tukinung'unika kwamba hajui kazi. Tunavuka barabara mpaka dukani, tunataja dawa tuitakayo, tunanunua vidonge vinne au vitano kadiri ya shilingi tulizo nazo. Homa ikitulia, vilivyobaki tunamwekea jirani.

Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini. Ilituponya malaria miaka mingi, lakini vimelea viliizoea. Mwaka 2001 nchi yetu iliiacha ikashika SP. Nayo ikadhoofika, hata mwaka 2006 tukaanza kuingia katika dawa ya mseto. Tena Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba mtu atumiaye dozi pungufu huvizoeza vijidudu kuishinda dawa, na atakayekufa aweza kuwa mwingine aliyeambukizwa naye. Basi kidonge si jambo la mtu mmoja. Ni jambo la kumpenda jirani.

Liko na jambo jingine, lisemwalo kwa sauti ya chini. Mji wetu ni wa mpakani. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni, na wanaoishi kwa foleni hiyo, madereva, wapakizi na mama lishe, hukesha. Mwili unauma, na kesho kuna kazi. Mmoja humeza tramado apate nguvu. Mwingine diazepamu apate usingizi. Dawa hizi ni njema zikiandikwa na daktari kwa siku zake. Lakini tramado ni ya ukoo mmoja na kasumba, na diazepamu mwili huweza kuizoea katika majuma machache. Kidonge kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Siku vikikosekana mtu hutetemeka, hukosa usingizi, hata huweza kuanguka kifafa. Aliyekuwa mtumishi amekuwa bwana.

Mtu huyo aweza kuwa ameketi nasi kanisani. Tusimcheke, wala tusimhukumu. Wala tusimwambie aache leo hii kwa nguvu ya maombi peke yake, maana kuacha ghafula kuna hatari. Tumwombee, tena tumsindikize kwa daktari ili apunguziwe kidogo kidogo. Imani na dawa si maadui. Yoshua bin Sira anafundisha kwamba Bwana mwenyewe ndiye aliyeziumba dawa.

Tuangalie ni nani waliomrudisha Naamani mtoni: watumishi wake. Walimkaribia kwa heshima, wakamwita baba, wakamsihi akubali neno lile dogo. Kanisa letu na liwe watumishi hao. Nanyi mnaotibu na kuuza dawa, mwangalieni Elisha: hakumpa mgonjwa alichotaka ili kumfurahisha, wala hakuipokea fedha yake. Kukataa kwenu pia ni uponyaji.

Basi tukifika zahanati, tuulize kwanza, "Nina ugonjwa gani?" kabla ya kusema, "Nipe dawa fulani." Tukiambiwa hatuhitaji sindano, tushukuru. Tukipewa dozi, tuimalize. Maandiko hayasemi kwamba Naamani aliona nafuu mara ya tatu au ya sita. Yanasema alizama mara saba kama alivyoagizwa, ndipo mwili wake ukarudi kuwa kama wa mtoto mdogo.

Ee Bwana, Tabibu wetu, utuondolee haraka yetu na kiburi chetu. Uwafungue waliofungwa na vidonge, uwape hekima wanaotutibu, nasi utupe moyo wa kutii katika neno dogo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.