Upinde Usionunuliwa

Nafasi ni ya upinde mmoja tu. Binamu yangu anayeishi Stuttgart anakuja nyumbani Desemba, na ametuambia mimi na mdogo wangu wa kike tuchague: upinde mrefu, au ule wenye ncha zilizogeuka kwenda mbele ambao wauzaji huuita rikavu. Bei zinakaribiana. Sisi tutatoa nusu, yeye nusu. Hapa Ilomba shabaha yetu ni gunia lililoshindiliwa majani makavu, limeegemezwa kwenye ukuta wa tofali nyuma ya nyumba, na hadi sasa tumekuwa tukilipiga kwa upinde wa kuazima. Kuwa na swali kama hili ni anasa kidogo. Najua.

Upinde mrefu ni fimbo iliyokubali kupindwa. Kimo chake hukaribia kimo cha anayeupiga, na upote unaugusa kwenye ncha zake mbili tu. Rikavu ikiwa imefungwa upote, upote huo unalala juu ya ncha zilizogeuka. Ukivuta, unainuka taratibu, na ncha zinafanya kazi kama wenzo. Kwa uzito uleule wa mwisho wa kuvuta, rikavu huwa imehifadhi nguvu zaidi, na mshale unatoka na kasi zaidi. Tena ni fupi. Wamongolia na Waturuki waliopigana wakiwa juu ya farasi waliipenda kwa ufupi huo. Waliiunda kwa pembe, mbao na kano, wakaigandisha kwa gundi isiyopatana na unyevu (ingeteseka sana na mvua za Mbeya). Upinde mrefu hauna haraka hiyo. Hauna kelele nyingi, na unausamehe zaidi mkono unaotetemeka.

Mdogo wangu anataka rikavu. Yuko kidato cha tatu na anazo hoja zake: tangu upigaji mishale uliporudi kwenye Olimpiki, Munich 1972, hadi Paris 2024, rikavu ndiyo aina pekee iliyotumika huko. Anayetaka kushindana siku moja aanze na kifaa cha mashindano. Mimi moyo wangu uko kwenye upinde mrefu, na neno langu la kuutetea lilikuwa moja: jadi.

Jadi ya nani, akaniuliza. Ni swali la haki. Ukiwafuata wauzaji, jadi ya upinde mrefu ni ya Uingereza: vita vya Agincourt mwaka 1415, na meli ya Mary Rose iliyozama mwaka 1545, ambayo ilipoopolewa mwaka 1982 ilikuwa imewatunzia watafiti pinde nyingi zikiwa nzima. Lakini hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Upande wa Tsavo, Kenya, Wata, ambao vitabu vingi viliwaita Waliangulu, waliwinda tembo kwa upinde mrefu wa mti mmoja na mishale yenye sumu. Baadhi ya pinde zao zilidai nguvu ya zaidi ya ratili 100 kuzivuta, yaani kilo 45 na kitu. Jaribu kuinua mfuko wa saruji usiojaa kwa vidole vitatu, utaelewa. Mwaka 1948 Tsavo ikawa hifadhi ya taifa. Kufikia operesheni ya 1956 na 1957 dhidi ya ujangili, ujuzi uliokuwa fahari ya mwanamume wa Kiwata ulikuwa umegeuka kosa la jinai, na wengi wakaingia jela. Sisemi tembo hawakustahili kulindwa. Pembe zilikuwa zikiuzwa, na faida kubwa ilikuwa ya wafanyabiashara wa mbali. Ninachosema ni kwamba kitu ninachokitamani kwa burudani ya Jumapili, mwingine alikilipia kwa kifungo.

Hapa kwetu wapo Wahadzabe, watu zaidi kidogo ya elfu moja kandokando ya Ziwa Eyasi. Mtoto wa kiume hupewa upinde akiwa bado mdogo sana, hata kabla hajajua kusema vizuri, na akikua huchonga wake mwenyewe na kusokota upote kwa kano za mnyama. Siku hizi wageni hulipa ili waongozane nao alfajiri moja. Wanapiga picha, wanajaribu kuvuta, wanarudi hotelini. Siwacheki wageni hao. Nikivaa neno jadi na kulipia upinde kwa euro, tofauti yangu nao ni ndogo.

Nililipeleka suala hili kwa mzee mmoja jirani yetu, aliyekulia Mbozi na kulinda mahindi ya baba yake dhidi ya nyani kwa upinde.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mnaendeleaje na vita vyenu na gunia?"

Nikamweleza habari za jadi. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sisi hatukuwa na bunduki, basi. Siku baba alipopata gobore, nani aliugusa tena upinde?"

Jibu hilo lilinikaa kooni siku kadhaa. Kwake upinde haukuwa jadi, ulikuwa upungufu, na aliuacha bila machozi kama mama yangu alivyoacha jiko la kuni alipopata gesi. Mtu anayechagua njia ngumu huku nyepesi ipo mlangoni anafanya jambo jingine kabisa na yule ambaye hana njia nyingine, hata kama mikono yao inafanana. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu michezo, anasema kucheza ni kukubali kwa hiari vizuizi ambavyo si vya lazima. Maelezo hayo yananitosha mimi. Hayamtoshi mzee, maana vizuizi vyake vilikuwa vya lazima na nyani hawakuwa mchezo.

Basi nikubali kwamba nacheza. Hakuna aibu hapo. Lakini hata mchezo una uaminifu wake, na hapo ndipo nilipoanza kuona shida ya kuagiza upinde mrefu Ujerumani. Uzuri wake wote, kwa Wata, kwa Wahadzabe, kwa mtoto wa Mbozi, ni kwamba ukivunjika unaingia porini na shoka ukatengeneza mwingine. Ujuzi unabaki kwenye mkono, na mkono unaweza kuufundisha mkono mwingine. Pinde ndefu nyingi zinazouzwa leo madukani zimebandikwa tabaka za faibaglasi. Ni nzuri, hazilalamiki, lakini ukivunjika huo hapa Ilomba, umebaki na kuni ghali. Nikiununua, nitakuwa nimelipia umbo na kuliacha nyuma lile lililolipa umbo hilo maana.

Rikavu haijidai hivyo. Ni kitu cha kiwandani kinachokiri kwamba ni cha kiwandani. Ya kufunguka hutenganishwa vipande vitatu, mshikio na mikono miwili, ikaingia kwenye begi bila ugomvi uwanja wa ndege. Mdogo wangu ataanza na mikono ya ratili 20, na akipata nguvu tutabadili mikono tu, mshikio ubaki. Hiyo ni faida ambayo fimbo haiwezi kumpa msichana anayekua. Kwa hiyo fedha zetu ziende huko. Nusu ya mchango wangu itakuwa zawadi kwake, na nimemwambia asinishukuru sana, maana nitaazima.

Upinde mrefu bado nautaka. Kwa sababu nautaka, itabidi nikae na mzee, na hili lina haraka kuliko safari ya Desemba, kwa kuwa ana miaka themanini na kitu na macho yanamsumbua. Jioni ya jana nilimwomba anifundishe. Alicheka kwanza, akataja mti kwa jina la Kinyiha ambalo nilishindwa hata kuliandika, akasema lazima uwe umenyooka na usiwe na fundo mahali pa kushika, na kwamba ukikatwa haukaushwi juani bali kivulini, la sivyo unapasuka. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyozoea kumsikia. Kisha akanishika kiganja, akakibonyeza kwa kidole gumba kama anayekagua parachichi sokoni, akauliza, "Shoka unalo?"