Uyoga wa Maruweruwe na Ukweli wa Njozi za Kiroho

Silosaibini ni kemikali inayopatikana katika aina zaidi ya 100 za uyoga, nyingi zikiwa za jenasi ya Psilocybe. Ikiingia mwilini hugeuka kuwa silosini, ambayo hushika vipokezi vya serotonini katika ubongo. Kwa saa nne hadi sita mlaji huona rangi na maumbo yasiyokuwepo, hupotewa na hesabu ya wakati, na pengine huhisi kwamba mpaka kati yake na ulimwengu umefutika. Wengi husimulia hali hiyo kwa lugha ya dini: wamekutana na Mungu, au wameuona umoja wa viumbe vyote. Hapo ndipo linapozuka swali la kifalsafa: je, njozi iliyoletwa na kemikali yaweza kuwa ya kweli?

Wamazateki wa Oaxaca, Meksiko, walikula uyoga huo katika mkesha ulioongozwa na mganga, ili kujua chanzo cha maradhi na tiba yake. Mwaka 1955 María Sabina, mganga wa Huautla de Jiménez, alimruhusu Mmarekani Gordon Wasson kushiriki. Wasson alitangaza habari hizo katika jarida la Life mwaka 1957, na wageni wakamiminika kijijini. Baadaye María Sabina alisikitika kwamba wageni walikula uyoga kumtafuta Mungu tu, ilhali desturi ilikuwa kuwaponya wagonjwa.

Siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1962, mtafiti Walter Pahnke alilipeleka swali la ukweli wa njozi hizi kanisani, katika Chuo Kikuu cha Boston. Wanafunzi 20 wa theolojia walihudhuria ibada; nusu yao walimeza silosaibini, na nusu vitamini isiyoleta njozi. Wengi wa kundi la kwanza walieleza hali zinazofanana na masimulizi ya mawalii na watawa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha utafiti wa watu 36. Miezi miwili baada ya kupewa silosaibini, takriban theluthi mbili waliihesabu siku hiyo miongoni mwa matukio matano yenye maana kubwa zaidi maishani mwao.

Wapinzani husema kufanana si kuwa kitu kimoja. R. C. Zaehner, mtaalamu wa dini wa Oxford, alishikilia mwaka 1957 kwamba muungano na Mungu ni neema inayoendana na utakatifu, haupatikani kwa kumeza kitu. Hata hivyo, kufunga, kukesha na dhikri ya muda mrefu pia hubadilisha mwili na fahamu, na hata kuona mti kunapitia kemia ya ubongo. Kama chanzo cha kimwili kingetosha kubatilisha tajiriba, hakuna ambayo ingesalia. Lakini kinyume chake nacho hakifuati: uhakika anaoupata mlaji, hata uwe mkubwa namna gani, si ushahidi, kwa kuwa watu huona mambo yanayopingana kwa uhakika uleule. Ndiyo maana mwanafalsafa William James, mwaka 1902, alitaka hali za namna hii zipimwe kwa matunda yake maishani, si kwa asili yake. Huston Smith, aliyeshiriki jaribio la Boston, alikubali kwamba kemikali huweza kuleta tajiriba ya kidini, ila akatia shaka kama huleta maisha ya kidini.

Kipimo cha matunda kimehamia hospitalini. Mwaka 2016 tafiti mbili za Marekani zilionyesha kwamba silosaibini, ikiambatana na ushauri nasaha, ilipunguza hofu na sonona kwa wagonjwa wa saratani. Jaribio la mwaka 2022 lililohusisha wagonjwa 233 wa sonona sugu lilionyesha nafuu baada ya dozi moja ya miligramu 25, ingawa nafuu hiyo ilififia kwa baadhi yao baada ya wiki kadhaa. Ugumu wa tafiti hizi ni kwamba mgonjwa hutambua mara moja kama amepewa dawa yenyewe, na matumaini yake huingia katika matokeo.

Je, ni halali kumponya mtu kwa njozi ambayo huenda ni ya uongo? Mwanafalsafa Chris Letheby hujibu kwamba sehemu kubwa ya nafuu hutokana na kulegea kwa mawazo magumu ambayo mgonjwa anayo juu ya nafsi yake, si kutokana na kupata itikadi mpya kuhusu ulimwengu.

Hatari zipo. Uyoga wenye silosaibini hausababishi uraibu mkali, lakini huweza kuleta hofu kuu, ajali, na wazimu kwa wenye mwelekeo wa kurithi. Mchumaji anaweza pia kuokota uyoga wenye sumu ya kuua. Katika jaribio la Boston, mshiriki mmoja alilazimika kuchomwa sindano ya kumtuliza, na taarifa ya awali haikulitaja jambo hilo.

Kwa upande wa sheria ya dini, wanazuoni wengi wa Kiislamu waliharamisha bangi kwa kuilinganisha na pombe, kwa sababu hufunika akili. Hoja hiyo inaugusa uyoga pia, ingawa fiqhi huacha mlango wa dharura ya tiba. Kwa daktari, suala hilo la akili lina sura nyingine: mgonjwa aliye katika maruweruwe hushawishika upesi. Kwa hiyo ridhaa yake ipatikane kabla ya dozi, naye ataarifiwe kwamba imani zake zinaweza kubadilika. Tafsiri ya alichokiona ni yake, si ya mtabibu.